Mashine ya Chula Iliyoanza Kwenda Yenyewe

Mashine ikianza kwenda yenyewe, msiwe wepesi wa kushangilia. Nalisema hili mwanzo kabisa kwa sababu najua nyinyi vijana mna haraka, na wengine mtaacha kusoma mkifika katikati.

Juzi wawili kati yenu mlikuja nyumbani na mchoro kwenye simu. Mtambo unaokamata joto la moshi wa jenereta, unalitumia kuchemsha kimiminika ambacho si maji, mvuke wake unasukuma injini, kisha unapozwa na kurudi ulikotoka. Mkaniuliza, "Mzee Shee, tutaongezaje ufanisi wake?" Mlidhani mmeniletea kitu kipya. Nilicheka mpaka nikakohoa, mke wangu akaja kuchungulia kama nazimia.

Watu wa Mombasa wananijua kama fundi wa vyumba vya baridi na mitambo ya barafu. Ni kweli, kazi hiyo ndiyo niliyoifanya mpaka nikastaafu. Lakini kabla ya hapo, kwetu kisiwani Chula, pwani ya Somalia, nilitunza mashine ya jamii hiyohiyo ya mchoro wenu. Tofauti ni kwamba yetu haikuwa na jenereta wala moshi. Joto lake lilitoka juani.

Mkitaka kuielewa, chukueni friji muigeuze kinyumenyume. Friji hula umeme ili ihamishe joto. Yetu ilikula joto, ikatoa nguvu. Juu ya paa la zahanati kulipangwa sahani nyeusi za chuma zilizofunikwa vioo. Maji yaliyopita ndani yake yalipata moto wa kubabua mkono, ila hayakuchemka, wala hayakuwa na haja ya kuchemka. Yaliingia kwenye boila kukutana na kimiminika cha ukoo wa gesi za friji, ambacho huchemka kwa joto la chai iliyoanza kupoa. Mvuke wake ulisukuma pistoni tatu, pistoni zikazungusha gurudumu, gurudumu likavuta fimbo ya pampu kisimani. Ukishamaliza kazi, mvuke uliingia kwenye kondensa, ukapozwa na maji yaleyale ya kisima, ukageuka kimiminika tena. Pampu ndogo iliyokaa shimoni chini ya sakafu ikakirudisha kwenye boila. Basi, mzunguko ni huo mpaka leo.

Kilichowatia watu hofu ni kwamba haikuwa na moto. Wazee walikuja kuizunguka, wakainama, wakatafuta kuni, wakatafuta dizeli, wasione kitu. Ile fimbo ilikuwa ikigonga tu, tko, tko, tko, na maji yanatoka. Bibi mmoja aliniuliza kwa sauti ya chini ni nani aliyefungiwa humo ndani.

Na magharibi ikiingia ilikuwa ikivuta pumzi. Sitanii. Kimiminika chetu kikipoa, mgandamizo ndani ya mashine hushuka ukawa chini kuliko wa hewa ya nje. Hapo mashine hufyonza hewa kupitia mahali mhimili wa gurudumu unapotokea, na hutoa mlio mwembamba, mrefu, wa mtu anayevuta pumzi kwa meno yaliyofungwa. Watu wakitoka msikitini walikuwa wakivuka upande wa pili wa njia. Mimi mwenyewe, niliyejua sababu yake, sikupenda kukaa mle peke yangu saa ile.

Aliyenifunza kazi ni Mjomba Lali, ndugu wa mama yangu. Alikuwa fundi mkuu wa kiwanda cha barafu Kismayu kwa miaka mingi, mpaka sakafu za maji zikamla magoti. Akarudi Chula na fimbo yake, akidhani amekuja kupumzika, mara ikaletwa mashine. Alikuwa mtu wa maneno makali na mkono laini. Ukikosea alikutukana kuanzia kwenu mpaka kwa jirani zenu, halafu akakaa nawe kutwa nzima mpaka uelewe.

Mhandisi aliyeifunga alikuwa mzungu mrefu, mwenye Kiswahili cha kitabuni na masanduku ya vipimo. Mjomba hakuwa na kipimo. Alipima kwa mgongo wa kiganja. Siku moja Mhandisi akamuuliza, "Bwana Lali, kwa nini unapapasa mashine yangu kama daktari wa ng'ombe?" Mjomba aliniita mimi.

"Shee, ndoo karibu. Weka mkono hapa juu ya kondensa. Waskia nini?"

"Moto, Mjomba."

"Na hapa?"

"Baridi."

"Hapo penye baridi pana mchu asiyealikwa," akasema, maana kwetu mtu ni mchu. "Ni hewa. Imeingia jioni, imekaa kitako, yazuia mvuke kupita. Mtoe huyo, uone."

Tulifungua koki ya juu kidogo, hewa ikatoka kwa kelele, na geji ya mgandamizo ikashuka papo hapo. Siku hiyo pampu ilitoa maji mengi kuliko wiki nzima iliyopita. Mhandisi alivua kofia. Baadaye Mjomba akabuni kikombe cha bati kilichozunguka mhimili, tukakijaza mafuta mazito. Jioni mashine ilipotaka kuvuta hewa, ilivuta mafuta tone moja mawili, ikatulia. Ule mlio ukakoma. Kazi yangu ya kila siku ikawa kujaza kikombe, maana kikikauka siku mbili tu mlio hurudi. Nyinyi mna sili za kisasa, lakini chunguzeni hewa kwanza kabla hamjakimbilia kubadili injini.

Nami nilikosea sana, msidhani. Mara moja, Mjomba akiwa mgonjwa, nikaona maji yamepungua. Nikafikiri, ikiwa kimiminika ndicho kinachofanya kazi, basi kikiwa kingi kazi itakuwa kubwa. Nikamimina debe zima la akiba. Mashine ikazidi kulegea, mpaka saa sita ikasimama. Mjomba aliletwa akiwa na homa, kajifunika shuka, akaweka mkono chini ya kondensa, akaniangalia kwa huruma ya kutisha.

"Umemshibisha," akasema. "Sasa alala."

Kimiminika kilikuwa kimejaa ndani ya kondensa na kufunika mabomba, mvuke ukakosa pa kupozewa. Nilikitoa kikombe kwa kikombe mpaka alasiri, na yeye amekaa kwenye kiti anatetemeka na homa, ananihesabia.

Kuna jingine la kuchekesha. Wiki moja mashine ilidhoofika kila siku kuanzia saa nne, na jua linawaka. Mhandisi aliandika kurasa na kurasa. Hakuna aliyefikiria kupanda ngazi. Kumbe akina mama wamegundua kwamba papa akianikwa juu ya vile vioo hukauka kwa siku mbili badala ya nne. Paa zima limetandazwa papa. Mhandisi alipopanda akakuta pia mbuzi, kapandia mtumbwi uliosimamishwa ukutani, anacheza juu ya kioo cha moto asijue mguu upi auweke wapi. Papa waliteremshwa kwa ugomvi mkubwa. Akina mama walisema mashine yenyewe ndiyo iliyokuja kukaa juu ya paa lao.

Nimewachekesha kidogo kwa sababu yanayofuata hayachekeshi.

Vita vilipoanza, Mhandisi aliondoka akatuachia funguo. Kismayu ikatekwa na hawa, ikatekwa na wale, na kila ilipotekwa watu walikimbilia visiwani. Dizeli ikatoweka kabisa. Chula ikajaa, kisima cha mashine kikawa tegemeo la wote, na mashine ilikuwa imechoka. Chumvi ya kisima ilikuwa imeganda ndani ya mabomba ya kondensa, na ilihitaji watu wawili kulivuta gurudumu kwa kamba kila asubuhi ndipo ianze, na saa saba tayari imeishiwa nguvu.

Mimi nilifikiria moto. Nilitaka kuongeza sahani, kuongeza vioo. Mjomba akaniuliza vioo nitavipata duka gani. Kisha akasema neno ambalo ningependa mlichonge mlangoni kwenye karakana yenu.

"Moto twao wa kutosha. Taabu yetu ni baridi."

Kumbukeni kwamba mashine hizi hazitumii ukali wa moto peke yake. Zinatumia tofauti kati ya upande wa moto na upande wa baridi. Kwa mtambo wa moto mdogo kama wetu, nyuzi chache za joto ukizipunguza upande wa baridi zinakufaa kuliko nyingi utakazoziongeza upande wa moto. Nasi tulikuwa tunapoza kwa maji ya kisima kifupi, yenye chumvi, yaliyopigwa na jua njiani.

Mahali penye baridi kuliko pote Chula palikuwa birika la msikiti. Mnajua mabirika yetu ya kutawadhia, lakini lile lilikuwa kubwa, la kale, kuta zake za mawe ya matumbawe zenye unene wa mkono mzima, liko ndani, jua haliligusi. Maji yaliyolala humo usiku asubuhi yalikata vidole. Mjomba alitaka tupitishe mvuke wetu ndani ya bomba la shaba, bomba lizungushwe ndani ya birika.

Ikawa maneno. Wengine walisema ni kuchezea nyumba ya Mungu. Mjomba akaenda kwa Khatibu, nikamfuata. Khatibu alikuwa mtu wa taratibu. Akauliza, "Hicho kilicho ndani ya bomba chatoka?"

"Hakitoki, Khatibu. Kikitoka mimi ndiye wa kwanza kulia."

"Mayi yatabadilika rangi? Ladha? Harufu?"

"La. Yatapata uvuguvugu chu."

Khatibu akafikiri. "Basi mayi ni tohara, yafaa kutawadhia. Na magoti ya wazee yatashukuru."

Bomba la shaba tulilipata kwenye mabaki ya kiwanda cha barafu Kismayu, kilichokwisha kuporwa mpaka milango. Tulilikunja kwa mikono, tukalijaza mchanga lisivunjike, tukalizamisha birikani mizunguko kumi na minne. Maji ya pampu yakaelekezwa kwanza birikani, yakijaa ndiyo yamwagikie tangi la kijiji.

Asubuhi ya pili nilikuwa nimeketi kibarazani nakunywa chai, nangoja mwenzangu tukavute kamba. Jua limepanda kidogo tu. Nikasikia tko. Kimya. Tko. Kimya. Kisha tko, tko, tko. Nikaweka kikombe chini. Nilifika mbio nikidhani kuna mtu ameingia. Mlango ulikuwa na kufuli. Nikafungua, gurudumu linazunguka na hamna mtu.

Mwili ulinisisimka. Kisha nikapiga kelele za furaha, nikatoka nje namwita Mjomba, naye alikuja mbio kwa fimbo, akasimama mlangoni akatazama, machozi yakamtoka. Hatukuvuta kamba tena tangu siku ile. Kila asubuhi ilianza yenyewe, na saa nne tayari maji ya birika yalikuwa ya uvuguvugu kama anayetawadha ameyachemsha nyumbani. Wazee wakawa hawataki kumaliza udhu. Mimi nikawa nikitembea Chula nzima kifua mbele, nikisubiri mtu aniulize.

Miezi michache baadaye wenye bunduki wakaanza kuja visiwani. Walikuja kwa boti za injini, wakachukua mashua, nyavu, na kila walichotaka, na mambo waliyoyafanya kwenye visiwa vya jirani siwezi kuwaandikia. Chula ikaamua kuhama. Mashua iliyobaki ilikuwa moja, ya binamu yangu Kale. Ilikwenda na kurudi kwa njia ya Ras Kamboni penye mpaka, ikawavusha watu mpaka Kiunga, upande wa Kenya. Mimi na mke wangu na watoto tuliangukia safari ya mwisho iliyojaa mpaka ukingoni. Walibaki wawili tu, Mjomba Lali na mkewe, Bi Mwanaesha. Mjomba alikataa kuchukua nafasi ya mtoto. Tulikubaliana kwamba Kale na mimi tutarudi kuwachukua mara tukiwashusha watu.

Asubuhi ile ya kuondoka, Mjomba alinisindikiza mpaka pwani. Bi Mwanaesha alikuwa ndani. Tukiwa tunapakia, akaniuliza, "Umefunga?"

Alikuwa anauliza vali ya maji ya moto. Ukiifunga hiyo, mashine haipati joto, haiendi. Na aliniuliza mimi kwa sababu karakana ya Kismayu ilikuwa na mwiko: vali uliyoifungua wewe unaifunga wewe, mwingine haigusi hata awe mkubwa wako. Kule mtu aliwahi kupoteza macho kwa vali iliyoguswa na mwenzake.

Nikamwambia, "Bado, Mjomba. Nani atakuvutia maji kisimani na magoti hayo?"

"Mayi ya birika yatutosha wachu wawili mwezi mzima," akasema. "Nenda ukafunge. Hii yaskika mbali."

Nikaenda. Nilikaa mle ndani muda, kisha nikarudi pwani. Nyuma yangu, kutoka kijijini, fimbo ikaanza kugonga. Mjomba aliisikia. Aliniangalia, akaangalia bahari, akasema, "Haya, safari njema." Nikapanda.

Kurudi hakukuwa kwepesi. Kiunga tulizuiliwa, tanga likachanika, pepo zikatukataa. Ilipita wiki na zaidi. Tulipokaribia Chula ilikuwa asubuhi ya maji tulivu, nami nikasikia tko, tko kutoka mbali kabisa, kabla hata sijaona minazi. Nilifurahi. Nakumbuka nilimpiga Kale begani. Kisha Kale akanishika mkono, akaonyesha kwa kidevu. Pwani palikuwa na boti ya injini isiyo yetu.

Tukajiingiza nyuma ya kijisiwa cha mikoko kinachotazamana na kijiji, tukalala ndani ya mashua. Sauti inavyosafiri juu ya maji tulivu mnajua. Nilisikia wakiita kwa Kisomali, "Waryaa!", wakimwita mtu wa mashine. Lugha yao naijua vizuri kama yangu. Walikuwa wakisema toka, tumekusikia, hatutakudhuru. Milango ikavunjwa mmoja mmoja. Na fimbo ikaendelea kugonga bila kujali.

Kisha mmoja akapiga kelele kutoka msikitini. "Maji yana moto! Wako hapahapa, wameondoka sasa hivi!"

Ilikuwa kweli, kwa akili yao ilikuwa kweli. Nani angekuta maji ya moto kwenye msikiti mtupu asiseme kuna mtu aliyeyatia moto? Wakasaka upya, nyumba kwa nyumba, kwa hasira zaidi. Walitafuta jiko lililochemsha, hawakuona jivu. Walitafuta injini inayovuta maji, wakakuta gurudumu linajizungusha bila moto wala moshi. Sauti zao zikabadilika. Mmoja akaanza kusoma Ayatul Kursi kwa sauti, harakaharaka, akikosea anarudia. Mwingine akamfokea anyamaze.

Halafu risasi. Zilikuwa nyingi, za mtu aliyeogopa.

Ziliponyamaza, mashine ilikuwa bado inagonga. Tko. Tko. Ikapungua. Ikagonga moja, tukangoja, ikagonga nyingine. Kisha haikugonga tena. Tangu nizaliwe sijasikia kimya kama kile.

Kale akaninong'oneza, "Shukuru, wamepiga chuma."

Hakujua. Mimi nilijua kilichokuwa ndani ya chuma kile. Kimiminika chetu kikitoka hugeuka gesi nzito kuliko hewa, yenye harufu tamutamu ya dawa ya hospitali. Haipandi, huteremka. Hutafuta shimo, hujaa humo kama maji, huisukuma nje hewa yote. Hakuna kukohoa, hakuna maumivu, mtu hulala tu. Siku hizi kimekatazwa kwa sababu zingine, lakini ndugu zake wengi mnaotumia leo wana tabia ileile. Nikamwomba Mungu Mjomba awe juu. Popote pale, lakini awe juu.

Nilitaka kuruka majini. Kale alinikalia mgongoni. "Wakikuona hapana mchu atakayebaki, si yeye si sisi," akasema. Wale watu walikaa pwani wanakunywa maji na kugombana mpaka adhuhuri imepita. Ndipo wakawasha boti wakaenda.

Tulipoteremka kijiji kilikuwa mahali pake na hakikuwa chenyewe. Kanga zimeanikwa kambani. Kuku anatoka chumbani kwa watu. Nilipitia msikitini nikaingiza mkono birikani, nikautoa upesi, maana uvuguvugu ule ulikuwa kama wa mwili wa mtu.

Chumba cha mashine kilinuka utamu. Boila ilikuwa na matundu. Nikaangalia kikombe cha mafuta kwenye mhimili, nikakikuta kimejaa mpaka juu, mafuta mapya, safi. Kwa hiyo Mjomba alikuwa hai jana, pengine leo asubuhi, na alikuwa akiitunza. Kisha nikaona kifuniko cha shimo la pampu kimefungwa, na fimbo yake ya kutembelea imelazwa chini ya benchi, mahali ambapo mgeni asingeiona.

Kale alitaka kurukia shimoni. Nilimkumbata kiuno kwa nguvu zangu zote. Hilo Mjomba mwenyewe ndiye aliyenifunza, na hakuna siku nimelichukia somo kama siku ile. Tulifunua, tukaita, hakuna jibu. Tukapepea kwa kipande cha tanga. Nikawasha kandili, nikaiteremsha kwa kamba. Ilipofika usawa wa sakafu ikazimika bila kutetereka, kama iliyozimwa kwa vidole. Tukapepea tena. Ikazimika tena. Mara ya tatu ikakaa, nikashuka.

Alikuwa ameketi, mgongo ukutani, viatu amevivua na kuviweka pembeni. Hana jeraha. Ameukunja ushungi wa mkewe puani na mdomoni. Mkono wake wa kulia ulikuwa juu ya pampu, mgongo wa kiganja chini, vile alivyozoea kupima joto. Yeye aliyejua gesi ile inakwenda wapi kuliko watu wote wa pwani, magoti yake hayakumpa mahali pengine pa kujificha.

Bi Mwanaesha alitokea vichakani tulipokuwa tumemlaza Mjomba barazani. Boti ilipoonekana Mjomba alimtuma aende mbele, akamwambia anakuja nyuma yake. Miiba ilikuwa imemchana mikono na uso. Alitaka kumwosha mumewe mwenyewe, nikamletea maji ya birika, akaingiza mkono, akashtuka.

"Nani amechemsha mayi?"

"Hapana mchu, mama," nikamwambia. Akaanza kuosha. Tulimsalia watu wawili, tukamzika, tukaondoka na maji yakijaa.

Tulikuwa tumeipita Ras Kamboni. Kale alikuwa kwenye usukani, mimi nachota maji yanayoingia mashuani. Bi Mwanaesha akaniita karibu.

"Kila asubuhi kichu kile kikigonga nilimwambia, Lali, kifunge, wachu watakuya. Alikuwa akicheka. Aketi mlangoni, asikilize, acheke peke yake. Asema, vali ni ya Shee, siigusi. Shee amesahau kuifunga kwa haraka ya watoto, akiya ataifunga mwenyewe." Akafuta uso kwa kanga. "Nambie, mwanangu. Ni kweli ulisahau?"

Nikamwambia, "Ni kweli, mama. Nilisahau."

Akanishika kichwa, akasema Mungu hamhesabii mtu alilosahau, nami nisijihesabie. Aliishi nasi hapa Mombasa miaka mingi, akawalea watoto wangu. Kila mwaka siku ya kumwombea Mjomba dua alikuwa akinirudishia maneno yale ili moyo wangu utulie. Alifariki mwaka jana, akiamini hivyo.

Watoto wangu nimewaambia niliiacha vali wazi kwa ajili ya maji, ili wazee wasihangaike kisimani. Wengine wenu mmeyasikia haya kutoka kwao.

Nyinyi mmekuja kuniuliza ufanisi, na mimi ndiye niliyebaki ninayejua. Asubuhi ile niliingia chumba cha mashine, nikashika gurudumu la vali kwa mikono miwili. Jua lilikuwa bado halijafika sawasawa juu ya vioo. Ningeweza kufunga. Nikangoja kidogo, nione kama itaanza hata kama kijiji kimekwisha hama, hata kama hakuna mtu wa kuiona. Nikaona gurudumu la mashine linajitikisa, linataka. Nikaiachia vali, nikatoka, nikafunga mlango. Mjomba alisimama pwani akaniona nikimrudia na mashine ikigonga nyuma yangu, na alijua vizuri kabisa nilikotoka na nilichokiacha wazi.

Sikusahau, wanangu. Nilitaka iende.